Alama Nyekundu Ukurasa wa Nne

Chumba cha tatu, uani,
Nyuma ya duka la matairi.
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Kwanza salamu, na leo nitakusalimu kwa kirefu, huko mbele utaona kwa nini. Hujambo mama? Magoti yako yanasemaje siku hizi na zile ngazi za wodi? Shemeji yangu hajambo, bado anabishana na redio? Na mpwa wangu aliyehamia kwake, kile kikohozi kimemwacha, au anatibiwa na kila mtu isipokuwa mama yake aliyesomea kazi hiyo? Na usingizi je, unaupata? Mara ya mwisho tulipozungumza ulisema zamu za miaka yote zimekuharibia saa, unazinduka na mikono mbele kumpokea mtoto ambaye hayupo. Nilicheka siku ile. Leo nauliza kwa dhati, unalala?

Huku tu wazima wa miili. Wifi yako ana afya, macho yake bado ni yale yale, anatunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtu. Mimi nina kifua kidogo asubuhi, ni vumbi la hapa na harufu ya mpira, wala si ugonjwa wa kukutia wasiwasi. Basi hayo ndiyo mazuri niliyonayo, mwenzangu. Nimeyaweka mbele yote, hayajabaki mengine.

Anwani hapo juu utakuwa umeishangaa. Barua yako uliituma kule nyumba ya zamani, ikakaa wiki mbili juu ya friji ya mwenye nyumba, mwalimu wa hesabu, mpaka wifi yako alipopita Jumanne kumpelekea suruali alizompunguzia. Ndiyo, umesoma sawasawa. Ile nyumba ina mwenyewe na si sisi. Mwaka juzi nilikuandikia kwamba tumeinunua, ukafurahi, ukatuma mapazia ya maua. Mapazia yapo. Nimeyafunga kwenye mfuko chini ya kitanda, kwa sababu chumba hiki kina dirisha moja na limetazamana na ukuta.

Nilikudanganya kwa kukaa kimya, na ningeendelea kukaa kimya kama si karatasi kumi na moja ulizozitia ndani ya bahasha. Unasema unastaafu mwezi ujao, na kuna kampuni inataka kununua pensheni yako ya miaka tisa ijayo, ikupe mkupuo sasa hivi, ufungue zahanati yako ya wajawazito, vyumba viwili na kibaraza. Ukaniambia, “Kaka, wewe ndiye msoma makaratasi wa ukoo huu. Ukisema sawa, tarehe thelathini natia sahihi, na ukiniwahi hata kabla.”

Jibu langu ni hili, nalitanguliza usije ukachoka kusoma kabla hujalifikia. Usitie sahihi. Na kama kuna barua nyingine imekufikia, yenye mwandiko wangu, inayosema tia, hiyo usiifuate. Niliiandika mimi kweli, hakuna aliyeighushi. Nitakueleza.

Unakumbuka kazi yangu ilivyokuwa. Miaka thelathini na mmoja kwenye kile chumba cha juu cha kiwanda cha uchapaji, kalamu nyekundu mkononi, nasoma prufu, zile kurasa za majaribio, kabla mitambo haijaanza kunguruma. Marehemu mama aliamini kwamba hakuna karatasi duniani inayoweza kunishinda. Hata risiti ya mkaa aliniletea niisome. Lakini sikumwambia mama, na nadhani hata wewe sikuwahi kukuambia, jinsi sisi watu wa prufu tunavyosoma. Tunaanza mwisho. Tunasoma kutoka neno la mwisho la ukurasa kurudi la kwanza, kwa sababu ukisoma kama wasomaji wengine, habari yenyewe inakuchukua, jicho linateleza juu ya kasoro. Nimepitisha mikononi mwangu sheria, ratiba, vitabu vya kilimo cha pamba na hotuba za watu wakubwa, na ukiniuliza vilisema nini, sijui. Najua tu kwamba vilitoka safi.

Sasa sikia. Mwenye nyumba wetu wa zamani alipofariki, watoto wake wakataka kuuza. Tulikuwa tumepanga pale miaka ishirini na sita, kwa hiyo wakatupa nafasi ya kwanza: theluthi moja ya bei taslimu, iliyobaki tulipe kila mwezi kwa miaka saba. Wifi yako siku hiyo alishona mpaka akavunja sindano mbili kwa furaha. Lakini theluthi ningeitoa wapi? Kiinua mgongo kilishakwenda kwenye ada za shule za wanao, wale wapwa zangu wawili wa kwanza, na kwenye meno yangu. Nilikuwa na pensheni ya kila mwezi tu, ya kutosha kula na kujisitiri.

Ndipo akaja Gundi. Unamkumbuka, yule rafiki yangu mfunga vitabu, aliyekuwa anakula kwetu kila Jumapili na kusifu mchuzi kabla hajauonja. Tulistaafu mwezi mmoja. Alikuja na shati jipya, akaketi pale pale pake, akaniambia kuna watu wananunua pensheni. Yeye ameshauza nusu yake, akachukua mkupuo, na nusu nyingine bado inaingia benki kila mwezi bila tatizo. Nusu, ndivyo alivyosema, nami nikapiga hesabu yangu hapo hapo nyuma ya bahasha. Mkupuo utalipa theluthi, nusu itakayobaki italipa nyumba kila mwezi, na cherehani ya wifi yako itatulisha. Hesabu ilikaa vizuri mno. Hata leo nikiirudia naona ilikaa vizuri.

Ofisi yao iko juu ya duka la dawa, ngazi zina zulia, na ukifika unapewa maji ya baridi kwenye glasi ya kweli. Pale kuna bibi mmoja wa makamo, mpole, miwani yake ina kamba shingoni, wenyeji wote wanamwita Mama Karatasi. Akaniwekea mkataba mezani, kurasa kumi na moja, akasema, “Jisomee kwa nafasi, mzee wangu, hapa hatukimbizani.” Mimi nikamwomba kalamu nyekundu.

Nilikuwa na miaka minne tangu kustaafu, miaka minne bila mtu kuniwekea karatasi mbele na kuningoja. Watu wanafikiri mstaafu anakosa mshahara. Mimi nilichokosa ni ile kalamu. Nikaanza ukurasa wa kumi na moja, neno la mwisho, narudi nyuma. Ukurasa wa tisa pambizo lilikuwa limepinda. Ukurasa wa saba mstari wa chini umekatwa nusu. Namba za kurasa zilitoka tano zikarukia saba. Kila nilichokiona nilikizungushia duara, na kila ukurasa uliokuwa safi niliutia alama ya vema pembeni, kama zamani. Ukurasa wa nne ulikuwa safi kupita zote, wino sawa, nafasi sawa, mistari imenyooka. Niliutia alama kubwa katikati ya pambizo.

Mama Karatasi akaita wenzake waje waone. Akasema tangu wafungue ofisi ile hakuna aliyesoma mkataba kama mzee huyu. Nilivimba kichwa, Chiriku. Nikawaelekeza hadi aina ya karatasi wanayopaswa kununua. Wakaenda kuchapa upya zile kurasa zenye kasoro tu, zile nilizozitia vema wakaziacha vile vile, wakazirudisha zote kwenye jalada. Nikatia sahihi mara tano. Nikawashukuru kwa maji.

Mkupuo uliingia siku ya tatu, kweli hawakuchelewa. Ulikuwa sawa na pensheni yangu ya miezi ishirini na miwili. Tukalipa theluthi, nikakuandikia ile barua ya majivuno, ukatuma mapazia.

Mwisho wa mwezi nikaenda benki, hakuna kitu. Nikasema watakuwa wamechelewesha. Mwezi wa pili, hakuna kitu. Karani wa dirishani alianza kuniita babu kwa sauti ya huruma, nikajua kuna jambo. Nikapanda zile ngazi za zulia. Mama Karatasi akafungua jalada bila haraka, akageuza hadi ukurasa wa nne, akaweka kidole. Pameandikwa kwamba mstaafu anahamisha pensheni yake yote, bila kubakiza, kwa miaka tisa. Yote. Sio nusu. Na pembeni ya mstari huo huo ilikaa alama yangu ya vema, nyekundu, nzuri, mkia umepanda juu.

“Mzee wangu,” akaniuliza, tena kwa upole kabisa, “hii alama si yako?”

Nilisema ni yangu. Ningesema nini? Ningemwambia nini yule mama, kwamba nimesoma bila kusoma? Nikashuka ngazi nikishikilia ukuta. Dada, katika maisha yangu nimefukuzwa, nimefiwa, nimelazwa, lakini sijawahi kujiona mjinga kama siku ile pale kwenye ngazi, na watu wa duka la dawa wananiuliza kama nataka kiti.

Ya nyumba hayakuchukua muda. Ilipita miezi mitatu hatujalipa, wale watoto wa marehemu wakasema samahani mzee, makubaliano ni makubaliano, na ile theluthi wakaihesabu kuwa ni fidia yao. Mwalimu wa hesabu akaja na taslimu. Wifi yako aliosha sakafu kabla hatujatoka, nikamwuliza anamwoshea nani. Akamalizia na kibaraza.

Mwezi huu wa Juni ni wa ishirini na mbili. Maana yake wale watu wameshapata fedha yao yote waliyonipa. Kuanzia Julai wanakula faida tupu, miaka saba na miezi miwili. Nitakuwa na umri wa miaka sabini na tatu nitakapoiona tena pensheni yangu, ikiwa nitakuwa na macho ya kuionea.

Sitakuficha, nimekata tamaa. Nalisema wazi kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Asubuhi nakaa kitandani nikitazama viatu, sioni kinachonifanya nivivae. Nilijaribu kukaa nje ya ofisi ya ardhi niwaandikie watu barua na kuwajazia fomu. Kwa siku sita nilipata mteja mmoja, tena alitaka kuniuliza choo kiko wapi. Simu niliiuza na namba yako ikaenda nayo, ndiyo maana hunipati wala sikupigii. Wifi yako ndiye anayetuweka hai, anabadilisha kola za mashati, anapunguza, anaongeza, anatia zipu. Na hajanigombeza, Chiriku, hata siku moja. Ningependa anigombeze. Alichofanya ni kuacha kuniletea karatasi. Ile ya mkataba wa chumba hiki aliipeleka kwa jirani yetu dereva wa lori amsomee, nami nimekaa hapo hapo na miwani usoni. Yule bwana alisoma kwa shida, anakwama kila neno la tatu, na mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho.

Gundi nilimkamata sokoni miezi kadhaa baadaye, nikamtolea uvivu mbele ya watu. Nilimwita jina ambalo siwezi kuliandika kwa mkunga. Hakukasirika. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba hata yeye waliichukua yote, kwamba hiyo nusu ni maneno aliyopewa ayaseme, na kwamba kwa kila mstaafu anayempeleka wanamrudishia pensheni yake ya miezi mitatu. Mimi nilikuwa miezi mitatu. Alikuwa ameshaila. Akaniambia, “Usinitazame hivyo, ndugu yangu. Na wewe wapo utakaowapeleka.” Nikamtemea mate karibu na viatu, nikaapa kwamba mimi na yeye basi.

Sasa fika hapa nami, hapa ndipo pako wewe. Hukujiuliza wale watu walikupataje, huko mbali uliko? Ukurasa wa mwisho wa mkataba wangu una nafasi ya kutaja ndugu au rafiki aliye karibu kustaafu. Nilikutaja. Niliandika jina lako, hospitali yako, na cheo chako, mkunga mkuu, nikapiga mstari chini ya hilo neno mkuu kwa jinsi ninavyojivunia dada yangu. Huo ulikuwa ujinga, na ujinga una kusameheka. Kilichofuata si ujinga.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Nikasoma mpaka pale unaposema nikikupa ruhusa utatia sahihi, nikaiweka chini. Jumatano asubuhi nani asimame mlangoni, Gundi. Hakuingia. Alisema Mama Karatasi ananiita. Nilikwenda, Chiriku, nilivaa viatu upesi kuliko siku yoyote ya mwaka huu. Nikapewa maji. Akaniambia, “Dada yako ni mtu mwangalifu, anangoja neno lako tu, andika mistari miwili hapa hapa tutaituma sisi kwa usafiri wa haraka, nawe tutakurudishia miezi mitatu. Mmoja leo, mkononi. Miwili akishatia sahihi.”

Niliandika. Hakunishika mkono, hakunitisha. Niliandika kwamba nimeyasoma makaratasi na yako sawa, tia sahihi, mimi kaka yako. Mistari miwili. Haina salamu, haikuulizi magoti wala usingizi, nilishindwa kukuuliza hali na huku nikifanya vile. Kama imeshakufikia itazame tena utaona. Wewe unajua kwamba mimi sijawahi kukuandikia barua bila kukujulia hali, hata ile ya msiba wa mama ilianza na hujambo.

Nilirudi nyumbani na fedha ya mwezi mmoja. Nikamlipa mwenye chumba, nikanunua unga, mafuta, sukari, sabuni ya kipande kizima. Wifi yako akauliza zimetoka wapi, nikamwambia ni malimbikizo, benki walikosea. Akacheka. Muda mrefu sijamsikia akicheka. Akapika, akaniwekea mimi kwanza, tukala tumekaa pamoja kama watu. Na chakula kilikuwa kitamu. Niliomba niongezwe. Ningekudanganya nikisema kilinikwama kooni, kiliteleza vizuri tu, na hicho ndicho kinachoniumiza hadi sasa.

Jana wifi yako alipokwenda kurudisha mashati, nikachukua yale makaratasi yako kumi na moja. Nilitaka tu kujipa moyo, labda wamekuandikia masharti mengine, labda kwenu huko mambo ni tofauti. Nikaanza kwa mazoea, nyuma kwenda mbele. Ukurasa wa tisa, pambizo limenyooka. Ukurasa wa saba, mstari wa chini umekaa mzima. Namba za kurasa zinafuatana vizuri, nne, tano, sita, saba. Zile kasoro zote nilizowazungushia mimi zimeondolewa. Huo mkataba uliokuja kwako ni ule ule wangu, nimewasafishia mimi, na sasa wanakutia mfukoni kwa kazi ya mikono yangu. Hata karatasi waliyotumia ni aina ile niliyowashauri.

Hapo nikageuza, nikausoma tangu juu, neno la kwanza, kama mtu wa kawaida. Ilinichukua asubuhi nzima. Ukurasa wa nne unasema yote, bila kubakiza. Ukurasa wa sita unasema ukifa kabla ya miaka tisa, watadai kwenye nyumba yako. Ukurasa wa nane unasema kadi yako ya benki watakaa nayo wao. Hizi zote zimo kwenye mkataba wangu pia, nami nilizipitisha.

Baadaye nikaisoma barua yako yenyewe, mpaka mwisho, na pale chini kabisa nikakuta umesema kwamba hicho chumba cha pili cha zahanati utakitia mapazia kama yale uliyotutumia sisi. Nilikaa chini sakafuni. Nililia, dada, sauti ikatoka, mpaka yule dereva akagonga ukuta kuuliza kama kuna mgonjwa.

Kwa hiyo naandika leo, hapa kwenye meza ya cherehani, wifi yako yuko kwa mteja. Huyo dereva anaondoka Jumatatu asubuhi na njia yake inapita kwenu. Amesema Alhamisi atakuwa hapo, ataileta hii mpaka wodini, akuulize kwa jina, akupe mkononi. Mumpe chai. Ile nyingine ilitangulia Jumatano na usafiri wa haraka, najua. Naomba Mungu uwe bado umeduwaa nayo, unajiuliza huyu kaka kapatwa na nini hata hanisalimii.

Usinitumie fedha. Nakujua, najua utaanza kupapasa mkoba kabla hujamaliza ukurasa huu. Usitume. Ule mwezi mmoja watakuja kuudai wakiona hujatia sahihi, na sijui nitautoa wapi. Kitu cha thamani humu ndani ni hiki ninachoandikia juu yake, na si changu. Kila barua niliyokuandikia maishani ilikuwa na mpango wa kaka mwishoni, fanya hivi, tutafanya vile. Hii haina. Zahanati yako sijui utaijengaje, na mimi ndiye niliyekukatia njia iliyoonekana rahisi. Kama baada ya hii hutaki kuniandikia tena nitaelewa, ila pensheni yako ibaki yako, iingie kila mwezi, kidogo kidogo, mpaka uzeeke nayo.

Neno moja limebaki. Siamini tena usomaji wangu. Naweza kuwa nimeandika hapa kitu ambacho hakieleweki, au nimejipendelea mahali bila kujua. Wifi yako akirudi nitampa barua hii aisome yeye kabla haijafungwa. Humo ndimo atakamojua habari ya unga. Nimejaribu kumwambia kwa mdomo tangu jana, nimeshindwa.

Nisalimie shemeji, mwambie redio ina haki yake pia. Nisalimie mpwa wangu na kikohozi chake, na wakunga wenzako wote wa zamu, hasa yule mnene aliyenitumia soksi. Mungu akupe usingizi usio na kuzinduka, na mikono yako iliyopokea watoto wa watu isishike kalamu ya wale watu. Mama angekuwepo, nadhani angeniletea ile risiti ya mkaa bado, na hilo silistahili.

Ni mimi niliyekuuza, na ninayekupenda hata hivyo,
Kaka yako Miwani.

Wifi, ni mimi, mwandiko huu ni wangu. Nimeisoma yote, nimeanzia juu. Imeeleweka. Usitie sahihi. Ule unga na mafuta nimevirudisha dukani, mwenye duka amevipokea shingo upande. Sabuni nimeuza nusu kwa jirani. Sukari ilikuwa imefunguliwa. Hicho kilichopungua nitakishonea. Kaka yako yupo nje kwenye ngazi, hajathubutu kuingia na mimi sijamsemesha. Kimebaki chakula cha jana sufuriani, hicho dukani hawakipokei, kwa hiyo namwita ndani tule.